Moteri Isiyo na Kelele

Mama Nshobole aliushika mlingoti wakati fundi Mirindi akiukata kwa msumeno. Tanga lilikuwa limekwisha kutupwa juu ya mawe meusi, kwenye kona ya ufuko isiyoonekana barabarani.

"Mama, tanga halina uzito," fundi alisema. "Hizi batri ni sawa na watu wazima watatu. Zitakula nafasi yote."

"Tanga linakwenda upepo unakotaka."

"Basi tuweke moteri ya esansi, ya mafuta. Ina nguvu."

"Ile ya kupiga kelele? Hata bure siitaki."

Mirindi aliinamia tena msumeno wake. Tangu mji uanguke mikononi mwa waasi, barabara zilifungwa na askari wakakaa ufukoni usiku kucha wakisikiliza maji. Siku hizo hakuna mutu Goma aliyeuliza kwa sauti mashua inakwenda wapi. Mama anataka moteri isiyosikika: nani asingeelewa? Yeye alielewa, ndiyo sababu hakutaka malipo. Batri zenyewe zilikuwa zake. Alikuwa amezing'oa kwenye kibanda chake cha kuchajia simu kule Ndosho, na kibanda kikafa. Nyumbani, mkewe Bibiche, mwenye mimba kubwa, alikuwa amekwisha kufunga mzigo mmoja mdogo.

Alikaza nyaya za mwisho, wakaisukuma mashua majini, akawasha. Propela ikazunguka kimya. Mama Nshobole aliinama ukingoni, akatega sikio, akatabasamu. Mirindi alikuwa hajawahi kumwona akitabasamu.

"Inasikia vizuri," mama alisema.

"Inasikia? Moteri haina masikio, mama," Mirindi alicheka kidogo. Kisha akashusha sauti. "Shida ni moja. Batri hazitatufikisha ng'ambo, kule Minova. Zitazimika katikati ya ziwa. Labda twende watatu tu: wewe, mimi, Bibiche. Wengine wanaotaka kukimbia watusamehe."

"Katikati panatosha."

"Panatosha nini? Pale ni maji matupu!"

Mama Nshobole alimtazama kwa mshangao, kama mutu aliyeamshwa.

"Kumbe ulifikiri ninakimbia? Papa Mirindi, mutoto wangu Joyeuse alizama pale, siku ile watu walipokimbia. Mashua zingine zilipita karibu naye. Wote wanasema hawakusikia mutu akiita, sababu ya kelele ya moteri." Akaupangusa mkono wake uliolowa. "Mimi ninaenda kusikiliza."