Kumbukumbu za Sinema ya Nuru

Siku hizi jengo la zamani likibomolewa, kumbukumbu za wote waliolitumia hukusanywa zisipotee, kisha kila mmoja wao hupewa zote. Sinema ya Nuru, pale Ngamiani, ilipovunjwa, Bi Mwanahawa na mumewe, Shebe, walikwenda kliniki pamoja na majirani kutoa kumbukumbu zao na kupewa za wenzao.

Wiki iliyofuata, Bi Tatu wa nyumba ya pili aliwaletea mkate wa kumimina. Alipomtazama Shebe, machozi yakamlengalenga.

“Taa zilipozimwa ulinishika mkono,” alimwambia. “Ukasema utaniposa.”

“Hayo aliniambia mimi,” Bi Mwanahawa akasema.

“Najua, shoga yangu. Lakini nayakumbuka.”

Bi Mwanahawa hakukasirika. Alichanganyikiwa tu, maana naye alikumbuka kuposwa mle ndani mara nyingi, na sauti tofauti. Jirani alipoondoka, alimgeukia mumewe.

“Baba Saumu, siku ile mimi nilikaa wapi?”



“Sijui, mke wangu. Nakumbuka kuposa, na nakumbuka pia kuposwa. Sura yako ndiyo siioni.”

Bi Mwanahawa akajitanda kanga, akatoka kwenda kumuuliza Bi Tatu.