Sauti Iliyo Ndani ya Ndaga

Siku hizi kila neno hutufikia sikioni kwa sauti ya mtu aliyetufundisha neno hilo. "Ndaga" nilifundishwa na marehemu mume wangu, Ambakisye. Kwao Unyakyusa ni asante. Jirani yetu Mganda husema "ndaga" akimaanisha nionyeshe, na hata hapo namsikia Ambakisye. Ndiyo maana nagawa ndizi, nishukuriwe.

"Wifi, utamaliza shamba!" Tusekile, dada yake, alinicheka leo akipokea mkungu. "Haya, ndaga."

Badala ya Ambakisye, nilisikia sauti ya bibi mwenye kikohozi. Nilipomweleza, Tusekile aliuweka mkungu chini.

"Huyo ni marehemu mama. Ndiye aliyemfundisha Ambakisye."

Nilimsihi arudie, nimpate mume wangu. Akarudia. Safari hii ilitoka sauti ya mzee wa kiume, kwa mbali, na Tusekile hakuweza kunitajia jina la huyo aliyemfundisha mama yao.