Asante ya Kila Asubuhi

Simu iliita mara sita, na aliyeipokea hakuwa Mzee Bisogo.

"Leo usimshukuru," alisema mkewe, Mizero, kutoka Buffalo. "Amebakiza saa chache. Anataka akuone. Njoo."

Kanyana alibaki amesimama kwenye maegesho ya ghala huko Okolona, kusini mwa Louisville, kizibao chake cha njano kikiwa tayari mwilini. Katika miaka tisa ya kupiga namba ile, Mizero hakuwahi kuzungumza naye. Siku zote alisikika kwa mbali tu, akifunga mlango.

Desturi ile ya kumshukuru kila asubuhi ilianzia kanisani. Mchungaji aliwaomba waumini wasingoje Jumapili; kila siku, kabla ya kazi, mtu ataje mbele za Mungu jambo moja alilopewa bila kulistahili, na kama lilipitia mkononi mwa mtu, amwambie mtu huyo. Wengi waliacha baada ya mwezi. Kanyana hakuwa na haja ya kutafuta la kutaja. Alipokuwa na miaka mitano, katika kambi ya wakimbizi, hema walimolazwa watoto wakati mama zao wamepanga foleni ya mgao lilishika moto mchana wa jua kali. Watoto kumi na mmoja waliteketea. Yeye alitolewa na Bisogo, aliyeingia huku wanaume wengine wamesimama nje.

Kwa hiyo kila asubuhi alimpigia: "Baba, namshukuru Mungu kwa mikono yako."

Naye mzee alijibu vilevile kila siku: "Bon, vyema. Umekula?" Hakuitikia amina hata mara moja. Kanyana aliuona huo ni unyenyekevu, akazidi kumpenda.

Aliomba ruhusa kwa msimamizi, akanyimwa, akaondoka hivyo hivyo. Alijua hana kazi tena.

Saa nne na nusu alisimama Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, kwa Shangazi Shami aliyemlea. Shangazi alimpa chai na chapati za njiani, kisha akaegemea mlango wa gari.

"Ukifika, usizungumze sana habari za ule moto."

"Shangazi, ndiyo shukrani yangu yote."

"Najua. Lakini Mizero naye atakuwa anasikia."

Kanyana hakuelewa, wala hakuuliza. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Kwenye simu mtu hasemi yote. Alitaka kumweleza mzee kwamba amesoma, ameolewa, ana mapacha wanaoanza kutembea. Kwamba vyote hivyo vilitoka naye ndani ya moshi ule.

Alifika Tonawanda, pembeni mwa Buffalo, alasiri, theluji ikianza kudondoka. Mizero alifungua mlango. Hakumkaribisha. Alimtazama toka kichwani hadi miguuni, taratibu, kisha macho yake yakarudi usoni na kukaa hapo.

"Una miaka ishirini na nane," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Mama."

Mizero alisogea, akampisha.

Mzee alikuwa amelazwa sebuleni, mrija wa hewa puani. Mapafu yake hayakuwahi kupona tangu siku ile. Makovu ya moto yalipanda kutoka vidoleni hadi viwikoni. Yeye na Mizero walikuja Amerika wawili tu, na ukutani palikuwa na msalaba na kalenda ya kanisa, basi.

Kanyana alipiga magoti kando ya kitanda na kumshika mkono. Ulikuwa baridi.

"Baba, leo asubuhi hatukuongea. Namshukuru Mungu kwa..."

Mzee alitikisa kichwa. Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kuipata sauti.

"Miaka tisa nataka kukuambia. Lakini kila ukinishukuru, nakosa nguvu."

"Niambie sasa, Baba."

Nyuma yao Mizero alikuwa amesimama mlangoni. Safari hii hakuufunga.

"Mule ndani moshi ulikuwa mzito. Sikuona sura ya mtu. Nilikamata mkono mmoja mdogo, nikakimbia."

"Najua, Baba."

"Hujui, mwanangu. Nilikuwa nakimbia huku nasema, 'Usilie, Teta, baba amekushika.'"