Nyuzi Kumi na Tisa

Fundi wa majokofu hakungoja kukaribishwa. Alizitupa karatasi mbili juu ya meza ya mzee, nakala za rejista ya hali ya hewa.

"Zisome," alisema. "Mwandiko ni wako."

Mzee alivaa miwani taratibu. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa hiyo moja: kupanda mlimani kila alfajiri hadi kituo kilichopakana na shule ya bweni ya wasichana, kusoma kipimajoto, na kuandika. Sasa alikuwa mstaafu mwenye magoti mabovu, na fundi hakumwonea huruma hata chembe.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya alfajiri moja, miaka thelathini na moja iliyopita. Ya pili ilikuwa ya tarehe hiyohiyo, mwaka mmoja nyuma yake. Joto, upepo, mawingu, vyote vililingana namba kwa namba. Nyuzi kumi na tisa huku, nyuzi kumi na tisa kule. Mzee hakupanda mlima siku ile. Alinakili ya mwaka uliotangulia, yakaisha.

Na siku ile ndiyo theluji ilianguka.

Nchi hii ya joto inatambua theluji tatu tu katika historia yake: ile ya kabla ya reli, ile iliyounguza migomba, na ile ya siku ya uchaguzi ambayo mpaka leo watu wanabishana kama haikuwa mvua ya mawe. Ya mlimani haimo. Ilianguka usiku, ikagandisha mabomba ya shule, ikayeyuka kabla watu wa mjini hawajanywa chai. Wasichana walioiona waliambiwa wameota. Mmoja wao, aliyekuwa na homa, hakuamka.

Matroni wa bweni alishtakiwa kwa uzembe. Alijitetea kwamba aliwagawia mablanketi yote, lakini baridi ile ilikuwa ya barafu, kazi ya Mungu. Hakimu akafungua rejista. Nyuzi kumi na tisa. Akasema hakuna mtoto anayekufa kwa baridi ya nyuzi kumi na tisa, akampa miaka mitatu.

Matroni huyo alikuwa mama yake fundi.

Fundi alikuwa na miaka tisa, akabaki kwa bibi yake, akiitwa mtoto wa muuaji kila alipotumwa dukani. Donge lile halikumtoka. Watu walidhani alichagua majokofu kwa sababu ya biashara; laiti wangejua. Alitaka tu kujua barafu inafanya nini, dakika kwa dakika.

Mama mwenyewe hakumsaidia. Fundi alipomuuliza theluji ilikuwaje, alimjibu kwamba imeshayeyuka, aiache. Fundi aliona ni jela iliyomvunja, akazidi kuwaka. Mwezi uliopita alimpata mmoja wa wasichana wale, sasa muuguzi. Muuguzi alimweleza jinsi madirisha yalivyokuwa meupe, kisha akauliza mama amemsimulia nini kuhusu usiku ule. Aliposikia kwamba hajasimulia kitu, alibadilisha mazungumzo, akaenda kuchemsha chai.

Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa imekubali. Mzee akijaza fomu na kutia sahihi kwamba hakusoma kipimajoto, theluji ya nne itaingia kwenye historia, na kwa karatasi hiyo wakili atairudisha kesi mahakamani. Mama alikuwa na miaka sabini na minne na kifua kibovu. Fundi hakutaka azikwe na jina la muuaji.

"Jaza," alisema, akiisukuma fomu. "Mama yangu alilala jela kwa uvivu wako. Na ulisimama mbele ya hakimu ukaapa kwamba ulipanda."

"Niliapa."

"Huna hata haya?"

Mzee alisema haya anayo, tena ya kuwatosha watu wawili. Kisha akaomba kalamu.

Aliandika bila kubishana. Hakupanda. Hakusoma. Namba alinakili. Fundi alisimama juu ya bega lake, ngumi zimekunjwa, akifuata kila neno kama mwalimu anayemvizia mwanafunzi. Kwenye mstari wa mwisho kalamu ilisimama.

"Hapa wanauliza nilikuwa wapi," mzee alisema. "Hapa ningekuomba tuache wazi."

"Thelathini na moja, mzee. Miaka thelathini na moja umetudanganya. Leo utaandika kweli, yote, au nitakuburuta mahakamani na magoti yako hayo."

Mzee aliivuta fomu karibu. Akainama, akaandika polepole, akatia sahihi, akaigeuza fomu ili fundi asome mwenyewe.

"Nilikuwa nyumbani kwangu mjini, mke wangu akiwa safarini, pamoja na matroni wa bweni. Aliwafungia wasichana kwa nje saa tatu usiku, na ufunguo ulikuwa juu ya meza yangu mpaka asubuhi."