Udenda wa Fahali

Hapo kale ng'ombe wa zizi moja walimpa ndege Yangeyange kazi ya kuwachungulia midomo na kwato, ili maradhi yakiingia yajulikane mapema. Siku moja akamwona ndama anachechemea, na ulimi wake umejaa malengelenge. Akataka atengwe, na ugonjwa ukaishia hapo hapo.

Badala ya kumshukuru, Fahali, mkubwa wa zizi, alimkaripia. "Ulitutia hofu bure. Mbona hakuna mwingine aliyeugua?"

"Hakuna aliyeugua kwa sababu tulimtenga yule, Mzee," Yangeyange akajibu.

"Maneno tu hayo."

Yangeyange akarudi kwenye kazi yake. Masika yalipoingia, akamwona Fahali mwenyewe akidondosha udenda.

"Mzee, leo usinywe birikani pamoja na wenzako."

"Ni haya majani mabichi," Fahali akasema, kisha akazamisha mdomo birikani mbele ya wote.

Haukupita muda, zizi zima lilikuwa limelala chini, kwato zimepasuka, na ndama wawili hawakuinuka tena. Fahali akamwita Yangeyange kwa sauti iliyokauka. "Ulikuwa wapi wewe? Si ungepiga kelele zaidi? Haya, kuanzia leo mkague kila mmoja. Anza na hawa wadogo."

Yangeyange alikuwa amechoka kubishana. Aliruka, akatua juu ya pua ya Fahali.

"Fungua mdomo," akasema.

Fahali aliwatazama wenzake. Hakuna aliyemtetea. Akafungua.