Mistari Iliyokwama

Simu ya mamake iliita mpaka ikakatika yenyewe. Fondo akapiga tena. Kwenye ramani iliyokuwa wazi mbele yake, ndovu walikuwa wameshaingia ndani ya shamba la mama huyo huyo, na jua lilikuwa bado halijapoa.

Ofisi yao iko Ukunda, juu ya duka la vyuma, na kazi yake ni moja tu. Ndovu wa msitu wa Shimba wamevishwa kola, kola hutuma habari za mahali walipo, na programu za Fondo huwapelekea wenye mashamba ujumbe wa simu kabla mnyama hajafika. Mtu akiupata, hubeba debe lake akakimbilia shambani kulipiga na kuwafukuza. Huko juu kijijini kwao Fondo, nyuma ya Kombani, ndivyo watu walivyolelewa. Mahindi hayaachiwi mnyama.

Leo hakuna aliyepata kitu, na aliyeharibu ni Fondo mwenyewe.

Jana mkubwa wake, Purity, alilalamika kwamba kompyuta imelemewa. Programu iliyosoma kola ilikuwa ikiipa mwenzake, ile inayotuma ujumbe, mstari mmoja mmoja, na kila mstari ulikuwa safari nzima. Fondo akaandika amri fupi: kusanya mistari kwanza kwenye kapu, likijaa ndipo umwage yote kwa mkupuo. Akaijaribu. Mistari ikatoka kwenye skrini papo hapo, kompyuta ikapumua, naye akapongezwa. Lililompita ni jambo ambalo hata mwanafunzi angelijua. Programu ikiandikia skrini haingoji, lakini ikiandikia programu mwenzake hungoja kapu lijae. Leo ndovu waliotoka ni wachache, mistari michache, kapu halikujaa. Tangu asubuhi kila onyo lilikuwa limekaa humo humo.

Akapiga kwa Mwanaima, jirani yao. Simu ikaita bure. Akapiga kwa Rai, wa nyumba ya pili. Kimya. Kijiji kizima kilikuwa kama kimemezwa. Askari wa wanyamapori walimjibu kwamba gari lao liko upande wa Kinango, ajaribu kuwa na subira.

Mamake, Jumwa, wakati kama huu huwa katikati ya mahindi, ameinama na jembe, na masikio yake siku hizi ni mazito. Asubuhi alikuwa amempigia. "Fondo mwanangu, nilitaka nikuarifu, leo mimi..." Naye akamkatiza. "Shikamoo, mama. Niko kazini, nitakupigia baadaye." Hakupiga. Sasa alijichukia kwa hilo kuliko kwa lile kapu.

Purity akaja akasimama nyuma yake. "Fondo, zima tu hiyo kitu, uwashe tena."

"Nikiizima kwa nguvu, madam, yaliyomo ndani yote yanapotea."

"Si itaanza upya?"

"Itaanza upya, lakini kola hazitumi tena mpaka saa ijayo. Mamangu hana saa nzima."

Alijua afanye nini. Hakuigusa programu iliyoshikilia mistari. Alifunga mlango wa nyuma yake, ule unaoingiza habari za kola, ili yenyewe ione hakuna tena kinachokuja, ikung'ute kapu na kuondoka kwa hiari yake. Ikakaa. Ikakaa tena. Fondo akajikuta anaomba kwa sauti, mbele ya mkubwa wake, bila haya.

Mistari ikamwagika. NDOVU WANAKUJA SHAMBANI KWA JUMWA. NDOVU WAKO UANI KWA JUMWA. NDOVU SHAMBANI KWA JUMWA. Ujumbe ukafuatana na ujumbe, na mbele ya kila mmoja likatokea neno alilolitaka kuliko yote duniani: umefika.

Akairudishia programu desturi yake ya zamani, mstari mmoja mmoja, hata kompyuta ikilemewa mpaka iungue. Kisha akapiga tena kwa mama. Sasa simu haikuita kabisa. Purity akamwambia huenda anakimbia, huenda yumo ndani amejifungia, na Fondo akaitikia tu kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kubisha. Hakuamini. Kitu kilichochelewa hivyo, alijiambia, hakiokoi mtu.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mwanaima alipopiga. Fondo aliisikia pumzi yake kabla ya sauti, akajua.

"Fondo mwanangu, njoo nyumbani. Mamako tumemkuta kwenye mahindi."

"Yu hai?"

"Inna lillahi, mwanangu. Njoo na shuka."

Fondo akakaa sakafuni, simu sikioni. Purity aligeuza uso akatazama dirishani.

"Ni mimi, mama Mwanaima," akasema. "Onyo lilikwama kwangu tangu asubuhi. Yeye alikuwa analima, hajui lolote, nami nimelitoa wakati wamekwisha kumfikia."

"Analima wapi? Jumwa hakulima leo. Alikuwa nami Tiwi, matangani kwa mzee Chirau, tumekaa mkeka mmoja. Kijiji chote kilishuka huko tangu asubuhi, na simu tulizinyamazisha tukazitia mikobani mpaka dua iishe. Tulipozitoa na kuzirudishia sauti, yake ikaanza kulia kwa ujumbe wa ndovu, ikalia, ikalia, haikomi. Akainuka kutafuta bodaboda. Tukamwambia, Jumwa, kaa, mahindi si roho. Nikamshika kanga, ikanibakia mkononi. Akasema, niacheni, mwanangu ndiye anayeniita."