Sikio la Panya wa Saba

Panya wa saba alikuwa mzima mno. Wenzake, tuliowapa pamoja naye dawa ya kinga kabla ya kuwapiga mionzi, walikuwa wamenyonyoka manyoya na kususa chakula. Yeye alitafuna kama aliyealikwa.

Nilimgeuza taratibu. Panya wote tuliwatoboa alama sikioni mwezi uliopita. Tundu la huyu lilikuwa na damu mbichi, kama limetobolewa asubuhi hiyo.

"Vipi, mdogo wangu, unamposa?" daktari aliyeongoza utafiti wetu alinitania. "Andika dawa imemkinga, basi. Jumatatu tunaanza kuwapa wagonjwa wa mionzi."

Mama yangu alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wagonjwa hao.

"Daktari," nilisema, "wa saba mwenyewe yuko wapi?"

Kicheko kilimkatika.

Nikashika kalamu mbele yake, nikaandika kwenye mstari wa panya wa saba: amekufa.